Mistari Imfuate Mpigaji

Ukifungua faili jipya katika programu nyingi za kurekodia muziki, utakuta tempo imeshawekwa: mapigo 120 kwa dakika. Anakuja mpiga dramu, anaketi kwenye dramu za umeme, kliki ya kumshikia mwendo hataki kuisikia, anahesabu nne kwa fimbo na kuondoka nao wimbo. Akimaliza, muziki umechangamka vilivyo, ila kwenye skrini hakuna pigo lililoangukia mstari wa kipimo. Hapo ndipo unapoanza ufundi ninaousifu: kuisogeza mistari hadi imkute mpigaji alipo.

Njia ya mkato ipo, na kila prodyuza anaijua. Ni kwantaizi. Unabonyeza, kila pigo linavutwa kwenye mstari wa jirani, na dramu inatoka imenyooka, mara nyingi imekufa. Fundi cherehani hamkati mteja ili aenee kwenye nguo. Humpima, ndipo akashika mkasi.

Kupima huku kunataka kuijua MIDI, lugha ambayo dramu hizo za umeme huzungumza na kompyuta. Mfumo huu ulioanza kutumika mwaka 1983, kwa juhudi za watu kama Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, haubebi sauti. Hubeba taarifa tu: imepigwa kiki au sneya, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, na lini. Hiyo “lini” ndiyo yenye mtego, kwa sababu faili la MIDI huihesabu kwa tiki, si kwa sekunde. Tuseme programu yako inagawa kila pigo tiki 960. Mtu akicheza mapigo 100 kwa dakika ndani ya faili la 120, kati ya pigo na pigo zitapita tiki 1,152. Ukikimbilia kuandika 100 ukidhani umetibu, tiki zitabaki 1,152 zilezile. Wimbo utazorota hadi mapigo 83 na ushei, na mistari itakuwa mbali vilevile. Kwa hiyo kwanza dramu hufungwa kwenye sekunde zake, zisitikisike. Baada ya hapo mistari inaweza kuhama peke yake.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Kipimo cha mapigo manne kikichukua sekunde 2.4, gawanya 240 kwa 2.4, unapata 100. Kinachofuata kikichukua 2.3, tempo imepanda hadi 104 na kidogo. Unaendelea hivyo, kipimo baada ya kipimo, mpaka wimbo unapata ramani yake ya mwendo.

Kazi ngumu ni ya sikio. Ni pigo lipi la kutegea mstari? Kiki ya pigo la kwanza kwa kawaida ni shahidi mwema, lakini mpigaji anaweza kuiruka akitoka kwenye madoido, na hapo utaiuliza haihati. Sneya usiiamini upesi. Wapo wanaoichelewesha kwa makusudi, milisekunde chache tu, wimbo ukae kwa kujinafasi. Ukiutega mstari juu ya sneya hiyo, umeandika kwamba hakuchelewa, na raha yake umeifuta bila kuligusa pigo lenyewe. Vivyo hivyo ukitia alama ya tempo kwenye kila pigo: skrini itapendeza, lakini kliki itayumba kama imelewa. Alama moja kwa kipimo hutosha mara nyingi. Pengine moja kwa vipimo viwili. Kujua pa kuacha ndiko kunakomtenganisha fundi na mwenye papara.

Sikiliza bendi ya kwaya inapotoka kwenye ubeti kuingia sebene. Mwendo haubadiliki ghafla. Mpiga dramu huanza kuubana vipimo viwili vitatu kabla, gitaa likiwa bado halijabadili kitu, na waimbaji hujikuta miguu imeshachanganya. Katika ramani utaona namba zikipanda kidogokidogo. Mpandisho huo si kosa la kurekebishwa, ni uamuzi wa mwanamuziki, na ramani nzuri huuhifadhi kama ulivyo.

Ramani ikikamilika, mengi huwa mepesi. Mwangwi unaorudi kila nusu pigo hurudi mahali pake hata wimbo unapokaza mwendo, kayamba iliyopangwa kwa kompyuta humfuata mpigaji, na sehemu ya kukata au kurudia hupatikana kwa namba ya kipimo badala ya kubahatisha. Hata noti zikichapwa zinasomeka.

Mtihani wa kazi ni mpiga besi ambaye hakuwapo siku ya kurekodi. Mpe kliki iliyotoka kwenye ramani, umnyime dramu, umwache acheze wimbo mzima. Kisha rudisha dramu na usikilize besi na kiki pamoja. Zikikaa, ramani ni ya kweli. Zikigombana, usimlaumu mpiga besi. Rudi kwenye kipimo zilipoachana, ukapime upya.