'Kupitisha hoja' ni kazi ya Bunge, si ya programu

Majuzi nilialikwa kuwasikiliza vijana wanaojifunza programu kwa lugha ya Java mtaani Kongo, Kawangware. Baadhi yao hutoka Kibera. Mwalimu, ambaye nampongeza kwa kufundisha kwa Kiswahili, aliandika ubaoni: "Kupitisha hoja kati ya methodi." Kijana mmoja akauliza, "Kwani hapa ni Bunge, ticha?" Darasa likaangua kicheko, ila swali lilikuwa na mashiko.

Katika Kiswahili, hoja hutolewa, hujadiliwa, kisha hupitishwa au huangushwa. Agumenti ya programu haimshawishi yeyote. Ni thamani ambayo methodi hupewa inapoitwa ili ifanye kazi yake. Aliyetafsiri alishika neno, akaiacha dhana.

Dhana yenyewe tunayo katika kitenzi chetu. Mwambie mwenye duka, "Pima," atakuuliza apime nini. Mwambie, "Pimia," atataka pia kujua anampimia nani. Kauli ya kutendea imeongeza nafasi moja ya kujazwa. Methodi nayo hutangaza nafasi zake, na anayeiita huzijaza. Anayetuma pesa kwa M-Pesa anajua: bila nambari ya mpokeaji, kiasi na nambari ya siri, hakuna kinachotumwa.

Kwa hiyo, kinachotangazwa na methodi tukiite "nafasi", na kinachoijaza tukiite "kijalizo", neno ambalo wanasarufi wamelizoea. Badala ya "kupitisha", tuseme "kuipa methodi nakala". Hapa simo katika kuchagua maneno matamu tu. Java hutoa nakala. Ukiipa methodi nambari 50 nayo ikaibadilisha iwe 70, yako inabaki 50. Ukiipa kitu, kinachonakiliwa ni rejeleo lake, mfano wa ufunguo wa pili wa chumba chako. Mwenye ufunguo huo hawezi kukupokonya wako, lakini anaweza kuingia na kukuhamishia kitanda. "Kupitisha" hakuonyeshi tofauti hiyo, na mwanafunzi asiyeiona atahangaika usiku kucha na kosa asilojua lilikoanzia.

Ninachohofia ni hukumu itakayofuata. Kijana akikwama kwa sababu ya istilahi mbovu, tutasikia wale wale wakidai kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi. La hasha! Kiswahili kinaweza. Asiyeweza ni mtafsiri anayefungua kamusi kabla ya kuelewa anachokitafsiri.