Kususa: kuisoma Mashetani tena nikiwa Kilwa

Pwani tuna neno: kususa. Mtoto kasusa chakula, shangazi kasusa harusi. Na hukumu imo humohumo: huyo anadeka, mwacheni, atarudi mwenyewe. Aliyejifungia ndani anasikia nini, neno halisemi.

Nimeirudia Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Lindi. Shuleni tuliisoma kwa ajili ya mtihani: Shetani ni ukoloni mamboleo, matabaka yanagongana, andika, pata maksi. Usomaji huo si wa uongo, ila unapita mbio juu ya jambo moja: Juma na Kitaru ni marafiki. Wanacheza mchezo, Juma Shetani, Kitaru Binadamu, kisha Kitaru anaumwa ugonjwa ulio kichwani zaidi kuliko mwilini.

Mimi nina ADHD, nimeijua ukubwani. Wengi wetu tukikataliwa, hata kwa kudhani tu, tunaumia kama tuliopigwa. Madaktari hawajaiorodhesha hali hiyo kama ugonjwa wa peke yake, lakini sisi tunaijua. Mwaka jana rafiki yangu wa Kivinje alinijibu "sawa", basi. Nikasusa miezi minne. Kumbe alikuwa anamuuguza mama yake.

Kwa hiyo nilitamani sana Juma awe mwenzangu. Tamthilia ikanikatalia. Uchungu wa Juma una historia: bibi yake anaukumbuka utajiri uliopotea na Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na kina Kitaru ndio wanaopanda sasa. Kati ya marafiki hawa kuna kitu kweli. Kati yangu na rafiki yangu palikuwa na neno moja na kichwa changu.

Hapo ndipo naona ukubwa wa Hussein. Hakuturuhusu kusema "anadeka tu", wala "ni matabaka tu". Ukimaliza kumsoma, unajiuliza kabla ya kumhukumu aliyesusa: huyu kakataliwa, au kaona kama kakataliwa? Maumivu ni yaleyale, dawa ni mbali mbali. Wa kwanza anadai haki. Wa pili anahitaji mtu ampigie simu, au apige yeye.

Nilipiga mimi, kwa kuchelewa. "Ulikuwa wapi wewe?" akaniuliza. Nikamwambia ukweli, akanyamaza kidogo, akacheka.

Isomeni tena, jamani, safari hii kwa ajili ya urafiki ule.