Mtego wa Herufi Zilizopishana

Mtoto akiandika anwani ya Disneyland akatanguliza n kabla ya s, vidole vyake vimekimbia tu. Kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kosa hilo lilimpeleka kwenye picha za ngono, kwa sababu mtu aitwaye John Zuccarini alikuwa ameshasajili dinseyland.com. Alikuwa pia na bobthebiulder.com na teltubbies.com. Majina hayo mawili yaliiga vipindi vya televisheni vinavyotazamwa na watoto ambao hata kusoma bado hawajajua vizuri. Uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kuwa wa bahati mbaya.

Mfumo wa majina ya intaneti haukisii ulichokusudia. Herufi moja ikibadilika, hiyo ni anwani nyingine kabisa, mali ya aliyetangulia kuilipia, na wala haulizwi jina lenye kosa anataka kulifanyia nini. Mamlaka ya biashara ya serikali ya Marekani ilipomshtaki Zuccarini mwaka 2001, ilimtaja kuwa na zaidi ya majina 5,500 ya kuiga. Kati ya hayo, 15 yalipotoa jina la Cartoon Network na 41 la Britney Spears.

Ila kupotoa jina ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo inayonikera zaidi. Ukurasa ulibeba msimbo unaosubiri mtu ajaribu kuondoka: ukifunga dirisha, yanafunguka mengine; ukirudi nyuma, unaletewa tangazo jipya. Mtu mzima angezima kompyuta. Mtoto huendelea kubofya, na kila mbofyo ulimwingizia Zuccarini senti 10 hadi 25 za dola kutoka kwa watangazaji. Mahakama ilielezwa kwamba kwa mwaka alipata kati ya dola 800,000 na milioni moja. Huenda ndiyo maana kesi za madai hazikumtisha; faini ilikuwa kama gharama ya biashara.

Kilichomfikisha gerezani ni sheria iliyotiwa saini Aprili 2003, iliyofanya kuwa jinai kutumia anwani ya hadaa kumvuta mtoto kwenye maudhui yanayomdhuru. Septemba mwaka huohuo alikamatwa Florida, akakiri makosa, na Februari 2004 akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Jambo la msingi katika sheria hiyo ni kwamba inaadhibu nia ya kuhadaa. Ingeorodhesha makosa ya tahajia, siku ya pili yangebuniwa mengine.

Vivinjari navyo vilianza kuzuia madirisha yanayojifungua yenyewe, lakini usajili uko wazi kama zamani. Watoto wetu, waliozoea Kiswahili kinachoandikwa kinavyotamkwa, wana sababu ya ziada ya kukosea majina ya Kiingereza.

Kwa hiyo mwondolee mtoto kazi ya kuandika. Fungua mwenyewe tovuti anazozihitaji, hakikisha anwani herufi kwa herufi, kisha zihifadhi kwenye kivinjari ili awe anabofya tu. Ukipenda, weka kwenye ruta huduma ya kuchuja majina, kama 1.1.1.3 ya Cloudflare, isiyolipiwa. Lakini isiwe kinga pekee, kwani jina lililosajiliwa asubuhi ya leo huenda bado halijaingia kwenye orodha yake. Na umwambie mapema: madirisha yakianza kuzaana, aache kubofya, azime kifaa, aje akuite, na hatagombezwa.