Kunyimwa Ruhusa Wakati wa Kusakinisha Hadoop: Aliyekataa ni Nani?

HDFS, mfumo wa faili wa Hadoop unaosambaza data katika kompyuta nyingi, una matabaka mawili ya ruhusa, na kila tabaka lina mwamuzi wake. Chini kuna mfumo wa kawaida wa faili za Linux, kama ext4 au XFS. Humo ndimo DataNode huweka vipande vya data na NameNode huweka orodha ya majina ya faili zote. Mwamuzi wa tabaka hilo ni kerneli ya kila mashine. Juu yake kuna saraka za HDFS yenyewe, kama /user na /tmp, ambazo amri ya ls ya Linux haizioni kabisa. Huko mwamuzi ni NameNode. Wote wawili hukataa kwa maneno yaleyale, "Permission denied", na fundi asiyewatofautisha anaweza kushinda akibadilisha ruhusa za tabaka moja ilhali aliyekataa yuko kwenye jingine.

Ujumbe wenyewe unatosha kuwatambulisha. Kerneli inapokataa, logi ya Java hutaja njia ya faili, kisha hufunga na maneno hayo ndani ya mabano: /data/nn/in_use.lock (Permission denied). NameNode inapokataa, ujumbe huwa na umbo jingine: Permission denied: user=juma, access=WRITE, inode="/user":hdfs:supergroup:drwxr-xr-x. Mstari huo wa pili ni hati kamili ya kesi. Mwombaji ni juma, alitaka kuandika, saraka ni /user, mwenyewe ni hdfs, kikundi chake ni supergroup, na watu wengine wanaruhusiwa kusoma na kupita tu. Unastahili kusomwa mpaka herufi ya mwisho kabla mtu hajagusa chmod.

Kwenye tabaka la chini, chanzo cha kawaida ni kazi iliyoanzwa na akaunti moja ikaendelezwa na nyingine. Amri ya hdfs namenode -format ikitolewa na root, saraka inayoundwa na vyote vilivyomo huwa mali ya root. Huduma inapoanzishwa baadaye kwa akaunti ya hdfs, inashindwa kuandika in_use.lock, faili inayozuia NameNode mbili kutumia saraka moja, na inazimika. Tiba ni kurudisha umiliki kwa chown -R hdfs:hadoop /data/nn huduma ikiwa imezimwa. Kinachoogofya ni tiba nyingine inayokimbiliwa, yaani kufuta saraka na kufomati upya. Kufomati huipa klasta kitambulisho kipya, ilhali DataNode zilizokwisha kujiunga zina kile cha zamani katika faili zao za VERSION, nazo hukataa kurudi kwa ujumbe wa "Incompatible clusterIDs". Kwenye klasta yenye data halisi hasara ni kubwa zaidi: orodha ya majina imepotea, na vipande vimebaki kwenye diski bila kitu cha kueleza ni vya faili zipi.

Hadoop 3, iliyotoka Desemba 2017, iliweka kizuizi cha maana hapa. Hati ya start-dfs.sh ikiendeshwa na root, inagoma mpaka HDFS_NAMENODE_USER na wenzake watajwe. Kuwajaza kwa jina la root ili ujumbe uondoke tu ni kukibomoa kizuizi hicho. Jina linalofaa ni la akaunti ya huduma.

Upande wa DataNode kuna kisa kinachowashangaza wengi, nacho ni saraka kukataliwa kwa kuwa wazi mno. Matoleo ya zamani yalidai ruhusa kamili za 755, na yaliyofuata yakafanya chaguo-msingi la dfs.datanode.data.dir.perm kuwa 700. Kwenye mashine yenye umask ya 002, saraka mpya huzaliwa na ruhusa za 775, na matoleo yale ya zamani yaliikataa kwa kueleza kwamba yalitarajia rwxr-xr-x yakakuta rwxrwxr-x. Aliyejibu kwa chmod 777 aliongeza kosa lilelile. Sababu ya ukali huo ni ya haki: vipande vya data vimelala pale kama faili za kawaida, na yeyote anayeweza kuvisoma moja kwa moja amezikwepa ruhusa zote za HDFS. Tena, dfs.datanode.failed.volumes.tolerated kwa kawaida ni 0, kwa hiyo diski moja yenye umiliki mbaya inatosha kuizima DataNode yenye diski kumi na mbili.

Mpangilio wa hatua nao huleta kosa. Fundi huunda /data/1, huikabidhi kwa hdfs, kisha hupachika diski mpya juu yake. Kuanzia hapo umiliki unaohesabika ni wa diski iliyopachikwa, ambayo baada ya kufomatiwa huwa ya root. Ule wa mwanzo umefunikwa. Utaratibu sahihi ni kupachika kwanza, kuunda /data/1/dfs/dn ndani ya diski, ndipo kuikabidhi hiyo saraka ya ndani. Mahali pa kupachika paachwe kwa root. Siku diski itakapokosa kupachikwa baada ya mashine kuwashwa upya, DataNode itakataliwa badala ya kujaza diski ya mfumo kimyakimya, na hapo kukataliwa ni kinga.

Saraka inaweza kuwa sawa huku mzazi wake akizuia. Aliye na ufunguo wa chumba hafiki chumbani ikiwa geti la ua limefungwa. Vivyo hivyo kila saraka kwenye njia lazima iwe na biti ya x kwa mtumiaji husika. Amri ya namei -l huonyesha njia nzima, ngazi kwa ngazi. Linux pia huhifadhi umiliki kwa namba, si kwa jina, hivyo diski iliyohamishwa kutoka seva nyingine inaweza kuonekana ni ya mtu asiyehusika. Ceph, mfumo mwingine wa kusambaza data katika kompyuta nyingi, ilipoacha kuendesha huduma zake kwa root katika toleo la Infernalis la mwaka 2015, ilijitengea namba maalumu: 167 kwenye familia ya Red Hat na 64045 kwenye Debian. Ni uamuzi wa kuigwa katika klasta yoyote. Na ikiwa umiliki na biti zote ziko sawa bado kerneli inakataa, mshukiwa ni SELinux; ausearch -m avc itaonyesha.

Kwenye tabaka la juu, root wa Linux si mkubwa. Mkubwa ni akaunti iliyoanzisha NameNode. Juma hupewa nyumba yake kwa sudo -u hdfs hdfs dfs -mkdir /user/juma, kisha sudo -u hdfs hdfs dfs -chown juma /user/juma, na /tmp huwekewa 1777. Vikundi vya Juma hutafutwa upande wa NameNode, kwa hiyo kumwongeza kikundini kwenye mashine yake mwenyewe hakubadilishi kitu. Amri ya hdfs groups juma huonyesha kile NameNode inachokiona, na jibu la zamani linaweza kukaa kwenye kumbukumbu kwa sekunde 300. Kuzima dfs.permissions.enabled hunyamazisha ujumbe kwa kumfungulia kila mtu kila faili. Hata ikiwa imewashwa, bila Kerberos NameNode huamini jina lolote linalotajwa kwenye HADOOP_USER_NAME. Ruhusa hizo huzuia makosa ya bahati mbaya, si mtu mwenye nia mbaya.

Uhakiki hufuata matabaka yaleyale: sudo -u hdfs touch ndani ya kila saraka ya data, na faili hiyo ya jaribio ifutwe, hdfs dfsadmin -report kuona kwamba kila DataNode imeripoti, mwisho hdfs dfs -put kwa akaunti ya juma mwenyewe, kwa kuwa jaribio linalofanywa na mkubwa wa mfumo halipimi ruhusa yoyote.