Talanta Isizikwe: Muziki wa Mary Lou Williams

Mary Lou Williams (1910–1981), Mmarekani mweusi, alikuwa mpiga piano na mtunzi wa jazi. Aliwapangia muziki Duke Ellington na Benny Goodman, lakini majina yao yakavuma kuliko lake. Siku hizi anasifiwa sana. Hata hivyo, sifa hazitoshi kuuweka hai muziki wake. Lazima upigwe tena.

Mfano mzuri ni Zodiac Suite ya mwaka 1945. Msomaji asiogope jina hilo akadhani ni mambo ya uaguzi: kwa kila moja ya nyota kumi na mbili, mtunzi aliwakumbuka wanamuziki na marafiki waliozaliwa chini yake. Mwaka 2006 marehemu Geri Allen alitoa rekodi ya kazi hiyo akiwa na besi na ngoma tu, akijipa nafasi ya kubuni palepale. Mwaka 2023 Aaron Diehl na okestra ya The Knights walitoa yao, na humo tunazisikia wazi sauti za ala nyingi ambazo mtunzi alizikusudia. Ni yupi aliyekuwa mwaminifu zaidi? Kwa maoni yangu, wote wawili. Diehl ameyatii maandishi. Allen ameutii uhuru ambao mtunzi wa jazi humwachia mpigaji. Yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta yake aliirudisha nzima, wala hakusifiwa.

Sisi waamini tunadaiwa zaidi. Mwaka 1954 Williams aliacha kupiga muziki hadharani, akajitoa kwa sala na kuwasaidia wanamuziki wenye shida. Mwaka 1957 akabatizwa katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1962, Martin de Porres wa Peru alipotangazwa mtakatifu, alimtungia utenzi ambao kwaya huuimba karibu bila ala, kwa mpangilio wa sauti uliotoka moja kwa moja kwenye jazi. Baadaye alitunga Misa nzima, na mwaka 1975 ikaadhimishwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Zodiac Suite ikipigwa ukumbini imefika nyumbani. Misa ikipigwa ukumbini, hata kwa ustadi mkubwa, imefika nusu ya safari, kwa sababu haina waamini wa kuitikia wala altare ya kuhudumia. Kwaya zetu zinaijua tofauti hiyo: ngoma na kayamba, ambazo zamani zilikaa nje ya kanisa, leo husindikiza vipaji, na hakuna anayeziita maonyesho.

Basi wanaompenda Williams wasiishie kununua rekodi. Mwalimu wa kwaya mwenye uwezo aitafute Misa hiyo, achague hata sehemu moja, awafundishe waimbaji wake kwa subira, kisha waiimbe Jumapili pamoja na waamini wote.