Heko kwa makumbusho yasiyofunga mlango

Jengo refu likisimama peke yake halikosi wasemaji. Tangu makumbusho ya jiji la Antwerp, Ubelgiji, yaitwayo MAS, yafunguliwe Mei 2011, wapo wanaoyaona kuwa pande zito la mawe lililotupwa gatini, na wapo wanaoyaita fahari ya mji. Ni mnara wa takriban mita 60, wa mawe mekundu yaliyoletwa kutoka India, uliopangwa kama shehena ya makasha, huku vioo vya mawimbi vikiuzunguka.

Pongezi zangu kwanza ni kwa wasanifu wake, Neutelings Riedijk. Walijua watu watabishana, wakawapa mahali pa kubishania. Ngazi za umeme zinazunguka jengo ghorofa kwa ghorofa hadi kwenye paa, na njia hiyo haina kiingilio. Asiyeupenda mnara naye anaupanda bure, akatazama Mto Scheldt, bandari na mnara wa kanisa kuu.

Pongezi za pili ni kwa wenye kuyaendesha. Mwaka 1920 jiji lilipata mkusanyiko mkubwa wa vitu vya Kongo. Miaka mia moja baadaye, MAS iliandaa maonyesho ya 100 x Congo, yaliyouliza waziwazi vitu hivyo viliondokaje kwa wenyewe.

Miji inayopanga kujenga makumbusho ijifunze hapo: sura ya jengo haitampendeza kila mtu, lakini mlango unaweza kuwa wa wote. Hongereni, MAS.