Blogu na Wiki katika Kufundisha Kiswahili: Mfano wa Ujiji

Mara nyingi blogu na wiki hutajwa pamoja kana kwamba ni chombo kimoja, na mwalimu huambiwa achague iliyo nyepesi kutumia. Kipimo hicho hakitoshi. Hizi ni namna mbili za utunzi, na kila moja ina asili yake katika Kiswahili tangu kabla ya intaneti.

Blogu ni maandishi ya mtu mmoja, yenye jina lake na tarehe. Wasomaji huongeza maoni chini, wala hawaligusi neno lake. Ndivyo ilivyokuwa Jikomboe ya Ndesanjo Macha, mojawapo ya blogu za kwanza za Kiswahili. Ndivyo yalivyo pia Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958-59 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Lau mtu wa pili angaliyasahihisha masimulizi yale, thamani yake ingalipotea.

Katika wiki, kila aingiaye aweza kubadili aliyoyaandika mwenzake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, imejengwa hivyo. Jina la mwandishi halionekani juu ya makala, lakini ukurasa wa historia huhifadhi kila badiliko, na ukurasa wa majadiliano huhifadhi hoja.

Mfano ni neno mgebuka. Samaki huyu avuliwaye Kigoma huitwa mukeke upande wa Burundi. Mwanafunzi wa Ujiji akiandika habari zake katika blogu, atatoa jina la kwao na kuishia hapo. Katika wiki, mwenzake mwenye jamaa Burundi ataongeza jina la pili, na wa tatu atauliza kama kweli ni samaki mmoja. Swali hilo ndilo somo lenyewe.

Hata hivyo wiki ina kasoro kubwa, nayo ni kusawazisha. Mwanafunzi anayejivunia Kiswahili Sanifu huweza kuyafuta maneno ya mwambao wa ziwa akidhani ni makosa. Wikipedia nayo hudai ushahidi uliokwisha kuchapishwa. Basi neno la mvuvi mzee, lisilomo kitabuni, halipati nafasi humo. Kumpeleka mwanafunzi huko moja kwa moja ni kumfundisha kwamba babu yake si shahidi.

Kwa hiyo masimulizi yafaa yawekwe katika blogu, yabaki na sauti ya msimulizi. Kwa msamiati, wiki ya darasa lenyewe ndiyo bora, kwa masharti mawili: kila neno liandikwe pamoja na msemaji wake, kwa idhini yake, na mahali liliposikiwa, na mwalimu apime historia na majadiliano, si ukurasa wa mwisho peke yake. Pasipo masharti hayo, blogu yenye upungufu ni afadhali kuliko wiki safi isiyo na mashahidi.